Tarehe Iliyouzwa Mara Mbili

Ulimwona. Usikunje uso ukajifanya kumbukumbu imekutoka. Ulimwona, na si mara moja. Alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya bendi, pale ngazi zinapokata kona kwenda ghorofa ya pili, mkoba mapajani, miguu ameibana pamoja kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Ukapita na mfuko wako wa vitunguu, ukamwamkia kwa haraka, na kabla hajaitikia ulikuwa umeshafika chini. Wiki iliyofuata ukamkuta palepale. Safari hii hukumwamkia. Ulitoa simu ukaitazama, na simu yenyewe ilikuwa imezimika. Macho unayo mawili, mazima, lakini umeyafunza tabia mbaya: yakikutana na mtu anayedhulumiwa, ghafla yanaona ukuta una rangi nzuri.

Basi utasimuliwa, ili siku ya kuulizwa usiseme hukuambiwa.

Mtaani wanamwita Mama Pindo, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Nguo ikitoka mkononi mwake, waweza kuigeuza ndani nje ukatafuta pindo lilipoanzia mpaka macho yaingie maji. Ameshona miaka ishirini na sita katika chumba kimoja chenye mlango wa bati na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Humo mna meza ya kukatia iliyovunjika kona, kioo kirefu chenye ufa wa mshazari, kopo la vifungo visivyo na ndugu, na cherehani mbili. Zilikuwa mbili. Ile ya miguu, ya zamani, ingalipo. Ya pili, ovaloki, mashine ya umeme inayofunga kingo za kitambaa zisifumuke, iko kwenye duka la rehani, nyuma ya wavu, kati ya redio na jiko la gesi.

Ilifikaje huko? Kwa sababu ya furaha, kama yanavyofika mambo mengi ya maskini.

Mama Pindo ana mtoto mmoja tu, binti anayeuza kwenye duka la dawa. Binti akapata mchumba, fundi wa mitambo kiwandani, kijana mpole ambaye hata akikasirika huomba radhi kwanza. Mama akafurahi furaha ya mwenye mtoto mmoja. Miaka yote hiyo amevalisha harusi za watu. Amepiga magoti mbele ya maharusi na pini mdomoni, amewafuata hadi mlangoni mwa ukumbi akikata uzi wa mwisho kwa meno, na muziki ukianza yeye huwa njiani kurudi, mkasi mkobani. Hajawahi kukaa kwenye kiti cha harusi akasikia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Akajiambia: safari hii nitakaa. Tena mbele.

Akaenda kwa Spika.

Spika ndiye mwenye bendi. Vijana wa leo wanadhani alizaliwa na magari mawili na vipaza sauti vinavyopita kimo cha mlango. Wenye kumbukumbu ndefu wanajua alianza na spika moja ya kuazima, aliyokuwa akiibeba begani kutoka harusi hadi harusi mpaka jina likamganda, na mashati matano ya bendi yaliyoshonwa kwa mkopo. Nani aliyashona? Usijibu, unamjua. Mkopo ule aliulipa kidogokidogo kwa miezi kumi na minne, na kila alipoleta kidogo alikaribishwa chai. Hakuna aliyemkalisha kwenye benchi.

Pesa ya kushika tarehe ilikuwa laki nne. Mama Pindo hakuwa nayo. Akaifunga ovaloki kwa shuka, akaipandisha kwenye mkokoteni, akaiweka rehani kwa miezi mitatu. Binti hakuambiwa ukweli. "Imeenda kutiwa mafuta," mama alisema, na binti, anayejua dawa lakini hajui mashine, akaamini.

Karani wa Spika akaandika stakabadhi, akapiga muhuri. Nyuma ya stakabadhi palikuwa na masharti kwa herufi za sisimizi. Mama Pindo akavaa miwani yake ya kutungia uzi akayasoma yote papo hapo, maana anayekata vitambaa vya watu hujifunza kupima kwanza. Sharti la nne lilisema: mteja akivunja, pesa ya kushika tarehe hairudi, isipokuwa tarehe ile ikipata mteja mwingine, hapo atarudishiwa yote.

"Mama, umesoma kama wakili," karani akacheka.

"Nimesoma kama maskini," Mama Pindo akajibu.

Mwezi haukuisha, kiwanda kikafunga milango. Watu mia mbili walipewa barua siku moja, mchumba akiwamo. Jumapili moja binti na mchumba wakaja, wakaketi bega kwa bega kwenye kisanduku cha kupimia, kile wanachosimama juu yake wateja, wakasema wameamua: watatia sahihi kwa msajili, watakunywa chai na watu kumi, basi.

"Na muziki?" mama akauliza.

"Mama, tutaweka redio."

Mama Pindo akakusanya vipande vya kitambaa vilivyokuwa mezani, akavipanga upya, ingawa vilikuwa vimepangwa. "Redio nayo ni muziki," akasema.

Kesho yake akaenda kuvunja. Zilikuwa zimebaki wiki saba. Spika alimpokea mwenyewe, akamkalisha kwenye kiti chenye mto, akasikitika sana. Spika ana sikitiko zuri, linamkaa kama koti la kukodi. "Ah, dada yangu! Kiwanda kile kimetumaliza!" Akaandika kwamba tarehe imevunjwa, akatia sahihi. "Tarehe ikipata mtu tu, pesa yako hii hapa. Hata sitaigusa. Mimi na wewe tumetoka mbali."

Wiki ya kwanza karani akasema bado. Wiki ya pili akasema bado, msimu mbaya, vijana wa bendi wanashinda wakicheza karata. Wiki ya tatu Mama Pindo hakuitwa hata ndani. Ndipo benchi lilipomzoea. Wiki ya nne Spika akatokea mlangoni, ufunguo wa gari unazunguka kidoleni.

"Dada, nimekufikiria mno. Kutoa pesa ni taabu, lakini bendi ipo. Nitakupigia siku yoyote uitakayo mwaka huu."

"Siku gani, Spika? Mimi nina binti mmoja."

"Hana rafiki anayeolewa?"

"Mimi nataka mashine yangu."

"Au siku ya kuzaliwa. Hata msiba, dada! Tunazo nyimbo za huzuni, tunazipiga polepole, watu wanalia vizuri kabisa. Huna mgonjwa hata mmoja?"

Karani akainamia droo akicheka. Mama Pindo naye akacheka kidogo, kicheko cha kuchoka, kinachotoka bila kuitwa kama chafya. Kisha akashuka ngazi, mkono mmoja ukutani.

Alasiri hiyohiyo akaja Shangazi.

Alikuwa shangazi wa bwana harusi fulani, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, na kaka yake alikuwa amemkabidhi harusi nzima aibebe yeye. Akaingia na robota la kitambaa cha zambarau, nyuma yake wasichana wanane wa kumsindikiza bibi harusi, wakajaa chumba kama vifaranga. Anataka magauni manane, na zimebaki wiki tatu.

"Tarehe ngapi?" Mama Pindo akauliza, kalamu mkononi.

Shangazi akaitaja.

Kalamu ikasimama. Lakini Jumamosi ni ya kila mtu, na mji una bendi nyingi. Mama Pindo akaandika, akachukua futi yake ya kitambaa, akapima bega, kifua, kiuno. Alipofika kwa msichana wa tatu akauliza, kama mtu anayeulizia mvua, "Na muziki mmepata?"

"Wee! Tumeokota embe chini ya mnazi. Bendi ya Spika! Imejaa mwaka mzima ile, mara tunaambiwa kuna mjinga mmoja kavunja. Tukalipa ya kushika tarehe siku ileile. Mwezi sasa."

Mwezi. Hesabu mwenyewe. Kila siku aliyokaa kwenye lile benchi, tarehe yake ilikuwa imeshauzwa.

Mama Pindo alikuwa amepiga goti, pini mdomoni. Akazitoa mojamoja, akazichomeka kwenye mto wake wa pini. "Mjinga huyo ni mimi," akasema.

Shangazi akajiziba mdomo kwa mkono wenye bangili nne. Mama Pindo akamweleza yote, bila kupandisha sauti: kiwanda, sharti la nne, ovaloki, na siku ya mwisho ya rehani, ambayo ilikuwa Jumamosi ileile saa sita mchana. Kisha akaomba. "Nipe stakabadhi yako nikaionyeshe tu. Au twende wote. Ni dakika kumi."

Shangazi akafungua mkoba wake mweusi, wenye zipu iliyoshikizwa kwa pini. Stakabadhi ilikuwamo. Mama Pindo aliuona muhuri, uleule wa bluu. Shangazi akaitazama, akamtazama yeye, akafunga mkoba.

"Mwenzangu, nakuonea huruma, kweli kabisa. Lakini na mimi nionee. Nikimkorofisha Spika leo, siku yenyewe ataniletea vijana watatu na kinanda kibovu. Kaka atanimeza mzimamzima. Ngoja harusi ipite."

"Harusi ni jioni. Mashine inauzwa mchana."

Shangazi akakuna kichwa. "Basi hivi. Alhamisi nitakuja kuchukua nguo, nitakuwa nimeshawamalizia bendi pesa yao. Hapo nakuachia karatasi yenyewe mkononi. Sawa, dada?"

"Ahadi?"

"Ahadi."

Kile kitambaa kilikuwa cha kuteleza, kinachofumuka ukikikazia macho. Kwa ovaloki, kufunga kingo za magauni manane ni kazi ya nusu siku. Bila ovaloki ni sindano na kidole. Fundi wa chumba cha pili, anayeshona suruali na anayejua kila kitu kinachosemwa mtaani, akaja kuegemea mlango.

"Mama Pindo, usiwe mjinga mara ya pili. Shona magauni, weka mikono, weka zipu, lakini kingo ziache wazi. Akileta karatasi, unapinda. Asipoleta, akavalishe wasichana wake nyuzi zinazoning'inia."

Alisema kweli. Weka akilini kwamba alisema kweli. Mnyonge huwa hana silaha, na mara moja katika maisha ikimwangukia mkononi haitambui, maana ina sura ya kazi yake ya kila siku. Mama Pindo alisikiliza mpaka mwisho, akatunga uzi.

"Ukingo ukitoka hapa wazi," akasema, "watauliza umeshonwa na nani. Watajibiwa jina langu, si la Spika."

"Jina litakununulia mashine?"

"Jina ndilo lililonunua ile ya kwanza."

Fundi wa suruali akapiga ulimi, akarudi kwake.

Alishona siku tisa. Kila gauni lilikuwa na mita nne za ukingo chini, ukiacha mishono ya ndani. Kidole cha kati kikavimba, akakifunga kitambaa, kitambaa kikawa kizito, akakifungua. Siku ya sita binti akapita baada ya kazi, akasimama nyuma ya mgongo wake kitambo.

"Mama, kwa nini unafunga kingo kwa mkono?"

"Ovaloki inatiwa mafuta."

"Miezi miwili na nusu?"

Mama akavuta uzi, akaukata kwa meno. Binti akazunguka meza, akaona stakabadhi ya Spika imebanwa chini ya pasi, akaisoma. Akasoma na ya rehani iliyokuwa chini yake. Wapo mabinti wangepiga kelele. Huyu alivuta kisanduku cha kupimia, akakaa, akaanza kumtungia mama yake sindano, moja baada ya nyingine, akizipanga kwenye mto.

"Ungeniambia," akasema hatimaye.

"Ungekataa."

"Ningekataa ndiyo."

"Sasa unaona kwa nini."

Alhamisi Shangazi akaja na vifaranga wake. Magauni yakavaliwa. Msichana mmoja akageuka mbele ya kioo, sketi ikafunguka ikatulia bila mkunjo, na chumba kizima kikatoa sauti ile ambayo fundi huisikia mara chache kwa mwaka. Shangazi akalipa ujira wote uliobaki, elfu hamsini kamili. Hilo tumpe haki yake, alilipa.

"Na ile karatasi?" Mama Pindo akauliza. Gauni la mwisho lilikuwa bado mikononi mwake.

"Lo! Nimeisahau kwenye mkoba mwingine. Nitakuletea jioni."

Mkoba ulikuwa uleule mweusi, zipu imeshikizwa kwa pini. Mama Pindo akautazama, na Shangazi akaona unavyotazamwa, akauhamishia kwapa la pili. Msichana wa nane alikuwa amesimama na nguo ya ndani, mikono ameinua juu, anangoja kuvalishwa, na anaona baridi.

Mama Pindo akamvalisha.

Jioni Shangazi hakuja. Ijumaa asubuhi Mama Pindo akampigia simu. "Mwenzangu, niko ukumbini hapasikiki!" Nyuma yake sauti ya kiume ilikuwa ikisema kwenye kipaza sauti: moja, mbili, moja, mbili. Hiyo ilisikika vizuri sana. Simu ikakatika.

Saa tatu Mama Pindo akapanda ngazi. Hakukaa kwenye benchi, alisukuma mlango.

"Tarehe yangu umeiuza, Spika. Nimeshona nguo za harusi hiyo kwa mikono hii."

Spika hakukana hata kidogo. Alivuta kiti, akaketi, akaviangalia vile vidole, na kwa dakika moja uso wake ukawa wa yule kijana wa spika moja. Kisha ukarudi wa mwenye magari mawili. "Dada, nguo si ushahidi. Mimi nina taratibu. Lete karatasi ya huyo mteja, nakulipa papo hapo, laki nne, mbele ya karani. Huna karatasi, nitakulipaje? Nitasema nini kwenye vitabu?"

"Nakala ya karatasi hiyo unayo wewe, kwenye droo hiyo."

"Hizo ni siri za wateja," akasema, kwa heshima kubwa.

Usidhani yeye ndiye wa kwanza. Mwaka juzi mwalimu wa hesabu alivunja kwa sababu ya msiba wa baba yake. Alikaa kwenye benchi lile miezi kumi na moja, na tarehe yake ilichezewa na watu mia tatu. Kabla yake muuza samaki. Kabla yake wenzi wawili waliokosana na kupatana tena wakiwa hawana hata pesa ya soda. Kila tarehe ilipata mteja, na kila mteja alikuwa na karatasi nyumbani, ndani ya droo, pamoja na picha za harusi. Spika hategemei ujanja wake. Anategemea kwamba mwenye karatasi hatajisumbua.

Kutoka hapo Mama Pindo akaenda duka la rehani. Mwenye duka si mtu mbaya. Ni mtu wa tarehe. "Mama, laki nne na hamsini, kesho saa sita. Nikikuongezea siku wewe, foleni itafika barabarani. Na kuna fundi ameshaiulizia." Mama Pindo akaweka elfu hamsini ya Shangazi juu ya meza. Mwenye duka akairudisha taratibu kwa ncha za vidole. "Leta yote pamoja."

"Basi nifungulie wavu niifute vumbi."

Akafunguliwa. Akainama, akafuta ovaloki mbele na nyuma, akafungua kifuniko cha pembeni, akatoa kwa kibanzi nyuzi zilizobaki za kazi ya mwisho. Akakifunga. Mgongo haukunyooka mara moja. Alibaki ameinama hivyo, kiganja juu ya mashine, mpaka mwenye duka akamuuliza kama anataka maji.

Hiyo ilikuwa leo, saa tano. Sasa ni saa kumi, na hakuna lililokwisha.

Wewe umealikwa kesho. Kadi iko juu ya kabati lako. Shangazi unamjua, mmekula pamoja, na nyumba yake unaijua mpaka rangi ya mlango. Mfuate leo. Usimtukane, usimhubirie. Mwambie afungue mkoba mweusi akupe karatasi kwa saa moja tu, na umwambie kwamba bendi iliyokwisha kulipwa itapiga. Akikataa, mwambie kesho viti vyenu vitakuwa vitupu, wewe na wote unaoweza kuwashawishi, na Spika awapigie wapishi. Kama ni wewe uliyekuwa msichana wa nane, gauni unalo. Mwambie halivaliki mpaka karatasi itoke. Na kama una stakabadhi yako ya zamani yenye muhuri ule wa bluu, ya tarehe iliyokuwa ya mtu mwingine, ibebe nayo. Mwalimu bado yu hai.

Kesho ofisi ya Spika inafunguliwa saa tatu asubuhi. Kutoka pale hadi duka la rehani ni mwendo wa robo saa kwa miguu, hata kwa mwenye magoti mabovu. Muda upo. Acha kusoma. Inuka, nenda kagonge ule mlango.